Msikiti, Ardhi na Bonde: Mahali Patakatifu pa Kurani katika Tafsiri za Kiswahili

Katika Kurani, mahali patakatifu hutajwa kwa jina mara chache kuliko anavyodhani msomaji wa Kiswahili. Makka imetajwa kwa jina hilo mara moja tu (sura ya 48, aya ya 24), na kwa umbo la Bakka mara moja (3:96). Neno Kaaba limo mara mbili, zote katika sura ya 5 (aya ya 95 na ya 97). Yerusalemu haimo kabisa, si kwa jina la Baitul Mukaddas wala kwa jina la Ilia ambalo Waarabu wa zama zile walilipokea kutoka kwa Warumi. Badala ya jina hutumika sifa: msikiti usiovunjiwa heshima, msikiti ulio mbali zaidi, nyumba kongwe, mji wenye amani, bonde lililotakaswa, ardhi iliyobarikiwa. Sisi tunaosoma baada ya karne kumi na nne, tena kwa lugha nyingine, hatuna budi kuuliza kila mara: ni wapi?

Makala haya hayakusudii kulijibu swali hilo kwa niaba ya wanachuoni wa dini, ambao wanayo elimu yao na vyanzo vyao. Tunalichukua swali kama wanaisimu. Tunataka kuonyesha kwamba Kiswahili humlazimisha mfasiri kuamua mambo ambayo Kiarabu kimeyaacha wazi, na kwamba mara nyingi uamuzi huo hufichwa ndani ya matini yenyewe, mahali ambapo msomaji asiyejua Kiarabu hawezi kuuona.

Tuanze na neno tafsiri lenyewe. Kiarabu kina maneno mawili: *tarjama*, yaani kuhamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine, na *tafsir*, yaani kufafanua makusudio ya maneno. Kiswahili kimeyapokea yote mawili, lakini katika matumizi ya kawaida tafsiri imebeba kazi zote mbili. Mtu husema ametafsiri barua ya Kifaransa, na husema vilevile ametafsiri ndoto. Hivyo msomaji anayeshika kitabu kiitwacho tafsiri ya Kurani hajui kama anapewa maneno au anapewa maana ya maneno kwa mujibu wa shule fulani. Ali Muhsin al-Barwani alikuwa na sababu nzuri ya kuyatenga maneno hayo katika jina la kitabu chake cha mwaka 1995, kinachoitwa tarjama ya kitabu cha Kimisri cha *al-Muntakhab* katika tafsiri ya Kurani. Hata hivyo sidhani kama wasomaji wengi hulitambua jambo hilo wanaposoma jalada.

Majalada yenyewe yana habari yake. Padre Godfrey Dale wa misheni ya UMCA, Unguja, aliitoa tafsiri yake mwaka 1923 na kuiita ya Kurani ya Kiarabu, bila sifa yoyote ya kutukuza. Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi wa jumuiya ya Ahmadiyya alitoa yake Nairobi mwaka 1953 akaandika *Kurani Tukufu*. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, aliyeandika kwa nia ya kuzijibu hizo mbili, akachagua *Qurani Takatifu* mwaka 1969. Al-Barwani akarudi kwenye Tukufu. Tofauti hii ya tukufu na takatifu si ya mapambo, na tutaikuta tena chini.

Aya ya kwanza ya sura ya 17 ndiyo inayosumbua kuliko zote. Inasimulia safari ya usiku ya Mtume kutoka *al-masjid al-haram* hadi *al-masjid al-aqsa*, ambao pembezoni mwake pamebarikiwa. Mapokeo yanaiweka safari hii kabla ya Hijra ya mwaka 622, na wengi huitaja kuwa karibu na mwaka 621. Katika Kiswahili mahali hapo pa pili hutajwa kwa njia mbili: ama jina linaachwa, Msikiti wa Aqsa, ama linafasiriwa, Msikiti wa Mbali, kama alivyofanya al-Barwani. Njia zote mbili zinaanza na neno msikiti, na hapo ndipo ugumu unapoanzia.

Msikiti umetokana na *masjid*, jina la mahali linalotokana na mzizi wa *sajada*, kusujudu. Ukilifasiri kwa vijenzi vyake ni mahali pa kusujudia. Lakini neno lilipoingia katika Kiswahili silabi yake ya kwanza ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli ya m-/mi-, wingi ukawa misikiti, na sehemu iliyobaki ikapoteza umbo la mzizi wake. Kusujudu na sijida ziliingia kwa njia yao wenyewe. Matokeo yake ni kwamba hakuna msemaji wa Kiswahili anayesikia sujudu ndani ya msikiti. Anasikia jengo, lenye mihirabu, lenye kisima au mabomba ya kutawadhia, lenye mnara ikiwa waumini wamejaliwa fedha. Huku kwetu Kongo hali ni hiyo hiyo. Neno lilifika Maniema karne ya 19 pamoja na misafara ya kutoka pwani, likatamkwa musikiti, na tangu Nyangwe na Kasongo limekuwa jina la nyumba wanamoswali Waislamu, kama vile kanisa lilivyo nyumba ya Wakristo.

Sasa, katika Kurani neno hili ni pana kuliko hivyo. Aya sita tu baada ya ile ya safari, yaani 17:7, *al-masjid* ni hekalu la Wana wa Israeli lililoingiwa na adui zao. Katika 18:21 ni mahali pa ibada palipojengwa juu ya vijana wa pangoni, watu walioishi kabla ya Uislamu kwa mapokeo yote. Katika 22:40 misikiti inaorodheshwa pamoja na nyumba za watawa, makanisa na masinagogi, na hapo neno linakaribia maana yetu finyu. Hadithi mashuhuri inasema kwamba ardhi nzima imefanywa kuwa *masjid* kwa Mtume. Hakuna awezaye kuielewa hadithi hiyo akiwa na msikiti wa Kiswahili kichwani.

Jambo hili si la darasani tu. Katika mihadhara ya hadhara baina ya Waislamu na Wakristo, iliyoenea Tanzania tangu miaka ya 1980, na katika vijitabu vya mabishano vya lugha nyingi, huletwa hoja kwamba Kurani inataja msikiti ambao ulikuwa haujajengwa. Kihistoria ni kweli kwamba mwaka 621 hapakuwa na jengo la Kiislamu Yerusalemu. Hekalu lilibomolewa na Warumi mwaka 70. Mji uliingia mikononi mwa Waislamu wakati wa Khalifa Umar, karibu mwaka 638. Kuba ya Mwamba ilikamilika mwaka 72 wa Hijra, sawa na 691 au 692, chini ya Abd al-Malik, na jengo kubwa la msikiti lililo kusini mwa uwanja huo ni kazi ya watawala hao hao wa Bani Umayya, kisha likajengwa upya mara kadhaa baada ya matetemeko ya ardhi. Lakini hoja yenyewe inasimama juu ya neno la Kiswahili, au la Kiingereza, au la Kifaransa, si juu ya neno la Kiarabu. Uwanja uliokuwa mahali pa ibada, hata ukiwa magofu, waweza kuitwa *masjid*. Mujir al-Din, mwanahistoria wa Yerusalemu aliyeandika mwishoni mwa karne ya 15, alieleza waziwazi kwamba al-Aqsa ni jina la uwanja wote uliozungushiwa ukuta, ambao ni karibu hekta 14, wala si la jengo moja. Ni ajabu kidogo kwamba katika kalenda zinazotundikwa ukutani picha inayoandikiwa Msikiti wa Aqsa mara nyingi ni ile kuba ya dhahabu, ambayo kwa maana finyu si msikiti huo hata kidogo!

Mfasiri angeweza kuandika mahali pa kusujudia. Atalaumiwa kwamba anaondoa neno lililozoeleka, na lawama hiyo ina uzito, kwa kuwa matini hii husomwa pia kwa ibada. Angeweza basi kubakiza msikiti na kuweka maelezo chini ya ukurasa. Asichoweza kufanya kwa haki ni kubakiza msikiti bila neno lolote, kwa sababu hapo msomaji anajengewa jengo ambalo matini ya asili haikulijenga.

Neno la pili, *aqsa*, lina tatizo la kisarufi. Ni umbo la ulinganishi, ambalo kwa Kiarabu hutosheleza maana ya zaidi na ya kuliko yote. Kiswahili hakina umbo kama hilo, na ndiyo maana sifa yenyewe imebaki wa mbali. Lakini wa mbali si sawa na wa mbali zaidi. Tazama namna Kurani inavyoutumia mzizi huu kwingine. Katika 8:42, kuhusu vita vya Badri, Waislamu wako ukingo wa karibu wa bonde na adui zao ukingo wa mbali, *al-quswa*, ambalo ni umbo la kike la *aqsa*. Kingo hizo mbili zilitenganishwa na bonde moja tu. Katika 28:20 na 36:20 mtu anakuja mbio kutoka *aqsa* ya mji, yaani upande wa mwisho wa mji, mwendo wa miguu. Kwa hiyo *aqsa* haipimi masafa. Inalinganisha vitu viwili au zaidi na kusema kipi kiko upande wa kule. Wapo wanaodai kwamba Palestina haiwezi kuwa *aqsa* kwa kuwa katika 30:3 nchi waliposhindwa Warumi inaitwa *adna*, ya karibu. Hoja hiyo inaanguka papo hapo: nchi inaweza kuwa ya karibu kwa kulinganishwa na Bizanti, na msikiti ukawa wa mbali kwa kulinganishwa na ule wa Makka.

Lakini ulinganishi huo huo unafungua mlango ambao wafasiri wa Kiswahili wameufunga kimya kimya. Kama *aqsa* yaweza kuwa ng'ambo ya bonde, mbona isiwe karibu na Makka? Mwaka 1953 Alfred Guillaume alichapisha katika jarida la *Al-Andalus* makala yaliyouliza *al-masjid al-aqsa* ulikuwa wapi. Aliegemea habari ya al-Waqidi, mwandishi wa historia ya vita vya Mtume aliyefariki mwaka 823, kwamba huko Jirana, zaidi ya kilometa 20 kutoka Makka, palikuwa na mahali pa kuswalia palipoitwa kwa jina hilo, upande wa mbali wa bonde. Wengine katika wanazuoni wa Ulaya waliona kwamba makusudio ni hekalu la mbinguni. Kwa upande wao Waahmadiyya wamefungamanisha aya na wakati badala ya mahali, na mji wao wa Qadian, Bara Hindi, una msikiti uitwao Aqsa uliojengwa mwaka 1876. Mapokeo makuu ya Waislamu, ya Sunni na ya Shia, yamesimama na Yerusalemu.

Kwa maoni yetu hoja iliyo nzito kuliko zote imo ndani ya Kurani yenyewe, nayo ni ile sentensi ndogo kuhusu pembezoni palipobarikiwa. Kitenzi hicho cha kubariki, kikihusishwa na ardhi, kinarudi katika 7:137, 21:71, 21:81 na 34:18, na kila mara muktadha unaelekea Shamu: nchi waliyorithishwa Wana wa Israeli, nchi aliyookolewa kwenda Ibrahimu, nchi ambayo upepo wa Sulaiman ulielekea, miji iliyokuwa njiani kwa watu wa Saba. Ukichanganya hayo na 17:7, Jirana inabaki na jina tu. Inatupasa kukiri kwamba aya ya kwanza ya sura ya 17 ina kina chake: vina vya mwisho vya aya hiyo havifanani na vya sura nzima iliyobaki, na wapo waliosema kwa sababu hiyo kwamba haikuteremka pamoja na zile zinazofuata. Hata hivyo hoja ya baraka haitegemei ujirani wa aya.

Ni kwa sababu tunakubali Yerusalemu ndiyo tunasisitiza kwamba Yerusalemu isiwekwe ndani ya mstari wa matini, hata ikiwa ndani ya mabano. Mabano ni alama ndogo, na msomaji anayesoma kwa sauti hawezi kuyatamka. Anapowasomea wenzake, maneno ya mfasiri yanaingia mdomoni pamoja na maneno ya Kitabu na hakuna anayejua mpaka. Katika darasa la balagha tunawafundisha wanafunzi kwamba matini ya mtu haiguswi. Sijui kwa nini matini hii iguswe kuliko nyingine.

*Al-masjid al-haram* una matatizo ya namna nyingine. Hapa hakuna ubishi mkubwa kuhusu mahali. Sifa ndiyo iliyopotoka njiani. Mzizi wa *h-r-m* una maana ya kutenga kitu kisiguswe. Kinachotengwa kwa kuwa ni kichafu na kinachotengwa kwa kuwa ni kitukufu vyote viwili vimo ndani yake. Kiswahili kimeupokea mzizi huu vipande vipande: ihramu, nguo na hali ya mwenye kuhiji, maharimu, ndugu asiyeolewa, na haramu, ambayo imebaki upande wa dhambi peke yake, hadi kufikia mwanaharamu, tusi zito. Mtu akiandika Msikiti wa Haramu, msomaji atashtuka. Hivyo wafasiri wakakimbilia tukufu au takatifu, na kila moja linapoteza kitu. Tukufu, kutoka kutukuka, linasema mahali pameinuliwa hadhi. Takatifu, kutoka kutakata, linasema mahali ni safi. Hakuna linalosema kwamba pana mambo yasiyofanywa pale: mnyama hawindwi, mti haukatwi, damu haimwagwi. Lugha yetu inalo neno lenye pande zote mbili za *h-r-m*, nalo ni mwiko. Hatupendekezi mtu aandike Msikiti wa Mwiko, maana masikio hayatakubali, lakini mwalimu anayetaka mwanafunzi wa Kongo aelewe *haram* atafika haraka zaidi akianzia kwenye mwiko wa msitu wa mababu kuliko akianzia kwenye takatifu.

Na takatifu kwetu lina mzigo wake. Tangu mapadre walipoandika katekisimu zao za Kiswahili magharibi mwa Ziwa Tanganyika, neno hili limekuwa la Roho Mtakatifu, Biblia Takatifu na watakatifu wenye sikukuu zao. Ukikuta katika 5:21 Nchi Takatifu, ambako Musa anawaamuru watu wake waingie, msomaji wetu anafungua akilini ramani iliyokuwa nyuma ya Biblia ya shule. Al-Tabari, aliyefariki mwaka 923, hakuwa na hakika hiyo. Alikusanya rai tofauti, kuwa ni mlima Turi na vilivyouzunguka, kuwa ni Shamu, kuwa ni Ariha, kuwa ni Palestina pamoja na Dameski na sehemu ya Yordani, kisha akasema kisichoweza kukanushwa ni kwamba ipo baina ya mto Frati na Arishi ya Misri. Ni eneo kubwa mno. Mfasiri anayeandika herufi kubwa mbili, N na T, amelipunguza kwa kalamu yake kuliko alivyothubutu al-Tabari. Ikumbukwe kwamba Kiarabu hakina herufi kubwa. Kila herufi kubwa katika tafsiri ya Kiswahili ni rai ya mfasiri, na katika enzi ambayo nchi hiyo inagombewa kwa silaha rai hiyo haifai kupita bila kusemwa.

Kuhusu Bakka tutakuwa wafupi. Wapo wanaoiona kuwa ni Makka kwa kubadilishana kwa *b* na *m*, sauti mbili za midomo, jambo lenye mifano mingine katika Kiarabu. Wapo wanaosema Bakka ni mahali pa Nyumba na Makka ni mji wote. Wapo wanaolitoa katika kitenzi cha kusongamana. Lolote lililo sahihi, mfasiri anayeandika Makka mahali palipo na Bakka amemnyima msomaji hata nafasi ya kujiuliza.

Mfano wetu wa mwisho ni mdogo, na kwa mwanaisimu ndio mzuri kuliko yote. Katika 20:12 Musa anaamriwa avue viatu kwa kuwa yuko *bil-wadi al-muqaddas tuwa*. Neno hilo la mwisho linarudi katika 79:16. *Tuwa* ni nini? Wengi wanasema ni jina la bonde. Wengine wanasema lina maana ya mara mbili, yaani bonde lililotakaswa mara mbili, na wapo walioliona kuwa na maana ya kukunja. Wasomaji wa Kurani nao wametofautiana: Ibn Amir na wasomaji wa Kufa, miongoni mwao Asim ambaye usomaji wake kwa riwaya ya Hafs ndio ulioenea Afrika ya Mashariki, hulisoma kwa tanwini, *tuwan*, na Nafi, Ibn Kathir na Abu Amr hulisoma bila tanwini. Tofauti hiyo ya sauti ya *n* inahusu iwapo neno linachukuliwa kama jina la eneo lisilopokea tanwini au la. Katika Kiswahili inayeyuka, kwa kuwa hatuna tanwini.

Kinachokuja badala yake ni kiunganishi. Kiarabu hakina neno lolote baina ya bonde na *tuwa*: maneno yamewekwa sambamba tu. Mswahili hawezi kuyaweka hivyo bila kuhisi kwamba sentensi imekatika, na mkono wake unaandika bonde takatifu la Tuwa. Hiyo *la* imeamua yote. Tuwa limekuwa jina, bonde limekuwa mali yake, na rai ya pili haina tena pa kukaa. Zaidi ya hayo *muqaddas* ni umbo la kutendwa, lililotakaswa, lenye mtendaji nyuma yake, na takatifu linamfuta mtendaji huyo, utadhani bonde lilikuwa takatifu tangu milima ilipoumbwa. Tungeandika: bonde lililotakaswa, Tuwa. Mkato huo mmoja unatosha kuziacha rai zote mbili zikiwa hai, na msomaji anayeuliza kwa nini upo ataelekezwa kwenye maelezo chini ya ukurasa.